Kipima haidrojeni hakifanani na cha jikoni: ya kujua kabla hujavusha mzigo

Mfanyabiashara wa vifaa vya umeme anayepandisha mzigo kutoka Mombasa au Dar es Salaam kwenda Kampala, Kigali au Bujumbura anakijua kipima gesi cha jikoni. Mtungi ukivuja, kinalia. Lakini kuna mteja mwingine anayeulizia kifaa chenye jina hilo hilo: chuo chenye maabara, kituo cha hali ya hewa kinachorusha maputo, au fundi anayetengeneza haidrojeni kwa kupasua maji kwa umeme. Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani Septemba 2023, na kila mtambo wa aina hiyo, mkubwa kwa mdogo, unahitaji vipimo.

Mteja huyu akiuziwa kifaa kisicho chake, hasara haitaishia kwenye fedha. Anaweza kupoteza macho au maisha.

Gesi mbili ndani ya maji

Umeme ukipita kwenye maji, upande mmoja hutoka haidrojeni na upande wa pili oksijeni. Kwa kila lita mbili za haidrojeni hupatikana lita moja ya oksijeni. Katikati huwekwa utando wa kuzitenganisha.

Haidrojeni haina rangi wala harufu, na mwali wake ni vigumu kuuona mchana. Gesi ya kupikia hutiwa harufu makusudi ili pua ituonye. Hapa pua haisaidii. Hewani, haidrojeni huwaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75, na cheche ndogo mno inatosha kuiwasha.

Tofauti nyingine: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, kwa hiyo kipima chake hufungwa chini. Haidrojeni hupaa. Kipima chake hufungwa juu, karibu na dari.

Chumba au bomba?

Swali la kwanza la kumuuliza mteja ni hili: unataka kulinda chumba, au unataka kujua kilichomo ndani ya bomba? Kazi hizo mbili hazifanywi na kihisi kimoja.

Kwa chumba, tunatafuta haidrojeni kidogo ndani ya hewa nyingi. Kihisi cha bei nafuu kinachouzwa sana, MQ-8, kimetengenezwa kwa kazi hiyo. Angalia kipimo chake: sehemu 1,000 katika milioni ni asilimia 0.1 tu, na hata panapoandikwa 10,000 ni asilimia 1. Kitakuambia kuna uvujaji. Hakiwezi kukuambia kama gesi ya bombani ni safi kwa asilimia 99 au 90. Tena huhitaji kuachwa kikipata moto muda mrefu, hata siku nzima, kabla ya kuaminika.

Aina nyingine ya kulinda chumba huunguza gesi kidogo juu ya punje yenye joto na kupima joto linaloongezeka. Ni imara, lakini huhitaji oksijeni ili ifanye kazi, kwa hiyo ndani ya bomba la haidrojeni tupu itakudanganya. Mvuke wa silikoni pia huiua kimya kimya. Usiihifadhi stoo moja na gundi au dawa za kung'arishia gari zenye silikoni.

Vipima hivi huandikwa LEL, yaani kiwango cha chini kabisa cha gesi kuweza kuwaka. Wengi hukosea hapa. Asilimia 100 ya LEL haina maana ya haidrojeni tupu. Kwa haidrojeni ni ile asilimia 4 hewani.

Kwa bomba, kinachofaa ni kihisi kinachopima jinsi gesi inavyopitisha joto. Haidrojeni hupitisha joto karibu mara saba kuliko hewa, ndiyo maana kihisi hicho huweza kupima kuanzia sifuri hadi asilimia 100, na hakihitaji oksijeni. Ndicho pia hutumika kuangalia kama haidrojeni imepenya utando na kuingia upande wa oksijeni. Mitambo mingi huwekwa izime ikifika asilimia 2 upande huo, nusu ya kiwango cha kuwaka.

Na vipima vya miale ya infraredi? Kwa gesi ya kupikia ni vizuri. Haidrojeni havioni kabisa.

Oksijeni na mlima

Vihisi vingi vya oksijeni ni betri ndogo yenye risasi ndani, inayojila kadiri inavyokutana na hewa. Maisha yake mara nyingi ni kama miaka miwili. Vikikaa bandarini, mpakani na rafuni, mteja hununua kilichobaki. Soma tarehe ya kutengenezwa, na usifungue pakiti kuonyesha wateja.

Jambo la pili linawagusa hasa wanaotoka pwani. Baadhi ya vihisi hivi hupima msukumo wa oksijeni, si asilimia yake. Hewa ya Mombasa na ya Nairobi zote zina oksijeni asilimia 20.9, lakini Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na msukumo wa hewa ni kama asilimia 80 ya ule wa pwani. Kipima kilichorekebishwa Mombasa kitasoma kama 17 Nairobi, na kitalia kana kwamba hewa ni mbaya. Kampala na Kigali pia kitashuka. Hakijaharibika, kirekebishwe upya kwenye hewa safi ya hapo kinapotumika, kabla mteja hajakirudisha kwa hasira.

Kuna pia kihisi cha zirkonia, kinachofanya kazi kikiwa na joto la mamia ya nyuzi. Kisiwekwe mahali penye haidrojeni. Kwa sababu hiyo hiyo, jihadhari na vifaa vya kufunga kwenye gari vinavyotoa gesi zote mbili kwa bomba moja. Mchanganyiko huo unangoja cheche tu, na kihisi chenye joto ndani yake ndicho kinaweza kuwa cheche hiyo.

Kabla ya kulipa

Mwombe muuzaji karatasi ya vipimo, si picha ya boksi. Iseme gesi gani, kutoka kiasi gani hadi kiasi gani, na kama kihisi kinahitaji hewa. Kwa kipima kamili cha usalama, ulizia cheti cha IEC 60079-29-1 au ISO 26142. Forodhani, vyombo vya kuchunguza gesi viko chini ya msimbo 9027.10, tamko la "spea za elektroniki" hukaribisha maswali.

Mkumbushe mteja kwamba gesi ya mtambo hutoka na unyevu na matone ya dawa kali. Isipokaushwa kabla ya kufika kwenye kihisi, hata kilicho ghali kitakufa mapema. Muuzie na chombo cha kukaushia, pamoja na gesi ya kujaribia. Kipima ambacho hakijawahi kuonjeshwa gesi ya kipimo kinachojulikana, hakuna ajuaye kama kitalia siku kitakapohitajika.