Kipupwe cha Kianyaga na Kiu ya Bustani

Dada zetu wa pwani waliohamia Kianyaga, chini ya Mlima Kenya, hudanganywa na kipupwe. Juni hadi Agosti mawingu hutanda, baridi hupenya mifupani, nao hudhani sukumawiki zimeshiba maji. Kumbe mvua za masika humalizika Mei, na za vuli hungojewa hadi Oktoba. Manyunyu ya alfajiri hulowesha vumbi tu. Chomeka kidole udongoni hadi kiungo cha pili: kikitoka kikavu, mwagilia shinani, tena asubuhi, kwani majani yakilala na maji baridini huota ukungu. Kisha tandaza nyasi kavu. Maji ya udhu, yakikingwa kwa beseni, yatatosha dhania na nanaa ya chai.