Dar es Salaam au Usevya: Mshahara mmoja, hesabu mbili

Na Mwandishi Wetu

MAJINA ya walimu na wauguzi waliopangiwa vituo vya kazi yanapotangazwa, jambo la kwanza ambalo kijana hulitafuta si ngazi ya mshahara, bali jina la kituo. Likisomeka Ilala au Kinondoni, nyumbani hupigwa vigelegele. Likisomeka Usevya, huanza maswali: ni wapi huko, kunafikika vipi, na je, hakuna mtu wa kumwona ili kituo kibadilishwe?

Usevya ni kata katika Halmashauri ya Wilaya ya Mpimbwe, mkoani Katavi, jirani na Kibaoni, nyumbani kwa Waziri Mkuu mstaafu, Mizengo Pinda. Msafiri atokaye Mpanda hupita Sitalike, hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,471, kisha huingia katika ukanda wa Bonde la Rukwa unaosifika kwa mpunga. Kutoka Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000.

Hata hivyo, dhana kwamba huko ni mahali pa kukimbiwa inapingana na takwimu. Katavi, iliyomegwa kutoka Mkoa wa Rukwa mwaka 2012, ilikuwa na watu 564,604 katika sensa ya mwaka huo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Ongezeko hilo la wastani wa asilimia 7.1 kwa mwaka lilikuwa kubwa kuliko la mkoa mwingine wowote nchini. Katika kipindi hicho hicho Dar es Salaam iliongezeka kwa asilimia 2.1 kwa mwaka, kutoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728.

Sehemu ya ongezeko la Katavi inatokana na uzazi, na sehemu nyingine na wakulima na wafugaji waliohamia wakitafuta ardhi na malisho. Wanaositasita kwenda huko, basi, si Watanzania wote. Ni hasa wale wenye vyeti.

Makato hayajali kituo

Ngazi za mishahara ya watumishi wa umma ni zile zile nchi nzima. Chukua mfano wa mwalimu ambaye mshahara wake wa mwezi, tuseme, ni Sh 700,000 na ambaye alisoma kwa mkopo. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF) huchukua asilimia 5, yaani Sh 35,000. Bima ya afya huchukua asilimia 3, ambayo ni Sh 21,000. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huchukua asilimia 15, yaani Sh 105,000. Kodi ya mapato, kwa viwango vilivyoanza mwaka 2021, ni Sh 49,000.

Kinachobaki ni Sh 490,000, kabla ya ada ya chama cha wafanyakazi. Kiasi hicho ni kimoja, awe Usevya au Ubungo. Tofauti huanza siku fedha zinapoingia benki.

Jijini, mwalimu anayepanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kwa nauli ya mfano ya Sh 600 kila gari, hutumia Sh 2,400 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni Sh 52,800, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya fedha alizopokea, na hapo hajalipa pango. Wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, jambo linalomlazimu mwajiriwa mpya kuanza kazi akiwa na deni.

Usevya mtumishi anaweza kuishi umbali wa kutembea kwa miguu hadi kazini. Mchele anaununua unakolimwa. Akikodi shamba, mvua zikienda vizuri, huvuna mpunga na kuwa na kipato cha pili. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza kuenea nchini mwaka 2008, kumtumia mama fedha kutoka kijijini si safari tena.

Gharama ambazo hazisemwi

Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili. Bidhaa za viwandani hubeba nauli ya safari ndefu. Msiba ukitokea Tanga au Mtwara, nauli ya kwenda na kurudi inaweza kumeza akiba ya miezi. Mgonjwa anayehitaji daktari bingwa hulazimika kutoka kijijini hadi Mpanda, na wakati mwingine Mbeya, Mwanza au Muhimbili. Kilimo nacho si mshahara: mwaka mmoja wa mvua mbaya hufuta faida ya miwili.

Umeme pia ni kumbukumbu chungu. Kwa miaka mingi Mpanda ilitegemea majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya taifa.

Kubwa zaidi ni suala la mwenza. Mume au mke akiwa mhasibu wa kampuni binafsi, kijijini anaweza asipate kazi ya fani yake, na familia ikaishi kwa mshahara mmoja au ikatengana. Vivyo hivyo kwa mwanasheria, mbunifu wa matangazo au fundi wa kompyuta, ambao riziki yao hutegemea wingi wa wateja. Kwa watu wa fani hizo jiji si anasa, ni soko.

Si amri wala bahati nasibu

Serikali imewahi kujaribu kuamua kwa nguvu nani akae wapi. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwaondoa mijini walioonekana hawana kazi na kuwapeleka mashambani. Wengi walirudi. Uhamisho wa makao makuu kwenda Dodoma ulitoa somo tofauti: uliamuliwa mwaka 1973, lakini ulishika kasi mwaka 2016, pale ofisi zenyewe zilipohama. Watumishi walikwenda kwa sababu kazi ilikwenda.

Usevya hali ni hiyo hiyo. Wanafunzi wapo na wagonjwa wapo. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015/16 ulibaini kuwa asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, kiwango cha juu kuliko mikoa yote, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Msichana wa mkoa huo anapokosa mwalimu wa kike wa kumshauri au muuguzi wa kumsikiliza, nafasi iliyoachwa wazi si tarakimu ya ofisini tena.

Hiyo haimaanishi kwamba kila kijana ajitoe mhanga. Aliyepangiwa kituo cha mbali ana haki ya kuuliza kuhusu posho yake ya kujikimu, nyumba ya kuanzia na utaratibu wa uhamisho, na halmashauri inayompokea inapaswa kumjibu kabla hajashuka kwenye basi. Mtumishi anayelala darasani wiki ya kwanza huanza kutafuta uhamisho wiki ya pili.

Kwa upande wake, kabla ya kutafuta mtu wa kumbadilishia kituo, kijana angefaa kuchukua kalamu na kuandika mambo matatu: fedha zitakazobaki mkononi mwisho wa mwezi, kazi atakayoipata mwenza wake, na ujuzi atakaokuwa nao baada ya miaka mitatu. Wapo watakaogundua kuwa Dar es Salaam inawafaa zaidi. Wapo pia watakaoona kwamba walichokuwa wakikikimbia ni jina tu, ambalo hawajawahi hata kulitafuta kwenye ramani.