Je, Wajua? Programu Hubahatisha Bondi za Jino Lako

Je, wajua kwamba jiwe la mbolea linalochimbwa Minjingu, wilayani Babati, ni ndugu wa karibu wa jino lako? Yote mawili ni madini ya jamii ya apataiti. Ndani yake mna kalsiamu, fosforasi na oksijeni, na fuwele yake ina vijia vyembamba ambamo hukaa ama florini ama haidroksili. Katika jiwe la Minjingu florini ni nyingi. Katika enameli ya jino haidroksili ndiyo inayotawala.

Fuwele hizi zilikwisha kupimwa kwa eksirei, na vipimo vyake vimo katika mafaili ambayo mtu yeyote mwenye intaneti mjini Babati anaweza kuyapakua bure, kwa mfano kutoka Crystallography Open Database. Ukilifungua faili moja kwa programu kama Jmol au VESTA, unaona mipira ya rangi iliyounganishwa kwa vijiti. Watu wengi, wakiwemo walimu wa kemia, huamini kwamba vijiti hivyo vilikuwemo kwenye faili. Aghalabu havikuwemo. Vimechorwa na programu yenyewe, kwa kukisia.

Je, wajua kwamba faili la florapataiti lina mistari 7 tu ya atomi? Kalsiamu ni mbili, fosforasi moja, oksijeni tatu na florini moja. Kisanduku kimoja cha fuwele, kile kinachojirudia pande zote, kina atomi 42. Hizo nyingine zinapatikana kwa kanuni za ulinganifu ambazo nazo zimeandikwa humo humo, kwa mtindo wa CIF uliotangazwa mwaka 1991. Programu isipozitumia kanuni hizo, mchoro unakuwa kichekesho: fosforasi, inayopaswa kuzungukwa na oksijeni 4, haiwezi kupata zaidi ya 3, kwa kuwa kwenye orodha zimo 3 tu. Mwanafunzi asiyejua hilo ataandika kwenye daftari lake kwamba fosfeti ina oksijeni tatu, na mwalimu atamlaumu bure.

Sasa tuje kwenye kukisia kwenyewe. Jmol na Open Babel hutumia kanuni moja nyepesi. Programu huchukua nusu kipenyo cha kila atomi kati ya mbili, huvijumlisha, kisha huongeza angstromu 0.45 kama nafasi ya huruma. (Angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita.) Umbali ukiwa chini ya jumla hiyo, kijiti kinachorwa. Ukiwa chini ya 0.4, hakichorwi, maana atomi mbili haziwezi kukaribiana kiasi hicho. Kwa vipimo vilivyotolewa na Cordero na wenzake mwaka 2008, fosforasi ni 1.07 na oksijeni 0.66, hivyo kikomo chao ni 2.18. Umbali halisi ndani ya apataiti ni kama 1.53, basi kijiti kinachorwa, na ni cha haki.

Kasoro hujitokeza kwenye jino. Haidroksili haikai katikati kabisa ya nafasi yake. Husogea kidogo juu au kidogo chini, na eksirei haiwezi kusema katika kisanduku kipi imesogea wapi. Kwa hiyo faili huandika oksijeni yake sehemu zote mbili, kila moja ikiwa na alama ya nusu: yaani ipo hapa au pale, si kote kwa pamoja. Umbali kati ya nusu hizo mbili ni kama angstromu 0.7. Umezidi 0.4, na uko chini kabisa ya 1.77 ambacho ni kikomo cha oksijeni mbili. Programu isiyosoma safu ya nusu-nusu itachora kijiti kati ya oksijeni moja na kivuli chake! Florini haina shida hiyo. Yenyewe hukaa katikati barabara, nzima, na jirani yake wa florini yuko mbali kama angstromu 3.4.

Lakini tusiilaumu kanuni kupita kiasi. Artemetha iliyomo katika dawa ya mseto ina oksijeni mbili zilizoshikana kweli, kwa umbali wa karibu 1.47, na ndiyo silaha yake dhidi ya vimelea vya malaria. Kanuni ile ile inazichora, safari hii kwa usahihi. Hesabu haina njia ya kutofautisha bondi na kivuli. Anayetofautisha ni msomaji.

Je, wajua kwamba mitindo mingine ya faili hutaja bondi waziwazi? Faili la MOL huandika atomi ipi imeungana na ipi, na kama bondi ni moja, mbili au tatu. Faili la PDB, hifadhi iliyoanza mwaka 1971 ikiwa na miundo 7 tu ya protini, huandika hasa miunganisho ya molekuli za pembeni, bila kusema bondi ni ya ngapi. Za protini programu inatarajiwa kuzijua kichwani. Faili la XYZ halina lolote zaidi ya majina na mahali.

Na ile florini ya vijia? Watu wa Kanda ya Kaskazini wanaijua kwa meno ya kahawia. Floraidi ikizidi kwenye maji anayokunywa mtoto meno yake yakiwa bado yanajengwa, enameli huharibika. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Njia mojawapo ya kuipunguza ni kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa, kwa sababu apataiti ya mfupa huinasa.

Ukitaka kujaribu, pakua faili la florapataiti na uhesabu mipira. Ukiona 7, iamuru programu ijaze kisanduku kizima. Ukiona zaidi kidogo ya 42, imerudia zile za mpakani. Kisha bofya fosforasi na oksijeni, usome umbali wao. Ukikaribia 1.53, kijiti hicho kiamini.