Maji Yaliyopungua na Maji Yaliyopunguzwa

Taarifa ya uchukuaji wa maji mtoni ni maandishi mafupi. Aghalabu huwa na jina la mto, jina la mwenye kibali, tarehe, na tarakimu moja au mbili. Pengine ndiyo sababu wataalamu wa lugha wamewaachia wahandisi taarifa za namna hiyo, kana kwamba ndani yake hamna lugha ila hesabu tu. Lakini mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na tangu hapo maneno ya karani wa bonde yaweza kufika mbele ya hakimu kama yalivyoandikwa, pasipo Kiingereza nyuma yake cha kuyafafanua. Yafaa basi yatazamwe kwa makini.

La kwanza ni jina la kile anachopewa mtu anayechukua maji. Chini ya sheria ya mwaka 1974 mtu huyo alikuwa na haki ya maji. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, ana kibali cha kutumia maji. Tofauti hiyo si ya mapambo. Haki, kwa masikio ya Mswahili, ni kitu ambacho mtu anacho hata kabla hajaandikiwa, akinyimwa, amedhulumiwa. Kibali hutolewa na mwingine, huandamana na masharti, na chaweza kuondolewa. Mkulima aliyerithi mfereji kwa babu yake haoni ni kwa nini aombe kibali cha kitu ambacho ni chake, na sheria ya mwaka 2009 yenyewe inamwelewa kwa kiasi fulani, maana inatambua haki za kimila. Neno haki, lililotolewa kwa mlango wa mbele, limerudi kwa mlango wa uani.

Neno lililo gumu zaidi, hata hivyo, si haki wala kibali, bali kutumia. Kitenzi hiki ni kipana mno kwa kazi iliyokusudiwa. Maji yanayozungusha mitambo ya umeme ya Kidatu yametumika, nayo yote yanarudi mtoni. Maji yanayoingia katika majaruba ya mpunga huko Usangu yametumika pia. Sehemu yake hupanda hewani kama mvuke, sehemu huzama ardhini, na sehemu hurudi mtoni kwa njia ya mitaro. Mkulima akiulizwa katika fomu, "Unatumia maji kiasi gani?", aweza kutoa majibu matatu, na yote yakawa ya kweli: maji yaliyopita langoni pa banio lake, maji yaliyofika shambani, au maji ambayo mpunga wake uliyanywa. Baina ya la kwanza na la tatu mna tofauti kubwa, kwa kuwa mfereji wa udongo huvujisha njia nzima. Ofisi ya bonde inataka la kwanza. Mkulima, kwa desturi ya lugha yake, analeta la pili au la tatu. Asemwe kuwa amedanganya? Aliulizwa alichotumia, akajibu alichotumia.

Tarakimu nazo zina matatizo yake. Kiasi cha maji ya kibali hutajwa kwa lita kwa sekunde. Kipimo hicho ni cha mwendo, si cha ujazo, na lugha ya kila siku haijakizoea. Ndoo hujaa ikaisha. Debe lina mdomo na kitako. Lita moja kwa sekunde haina kitako: kwa siku moja ni lita 86,400, na mfereji wa lita 100 kwa sekunde, ambao si mfereji mkubwa, hupitisha lita 8,640,000 tangu alfajiri moja hadi nyingine. Kwa hiyo taarifa isemayo "lita 100" bila kutaja sekunde, wala siku ngapi lango lilikuwa wazi, haijasema neno. Tena anayesoma fimbo ya kupimia pale kituoni haoni lita wala sekunde, anaona kina. Kina hugeuzwa kuwa mtiririko kwa jedwali lililotengenezwa kwa kupima mto huo mara nyingi, na mafuriko yakihamisha mchanga wa kitako cha mto, jedwali lile limeharibika ijapokuwa fimbo imesimama palepale. Hapo maneno kina na mtiririko yapasa yatengwe kabisa, wala lisishike moja nafasi ya jingine kama yanavyofanywa mara nyingi.

Wazee wa mifereji walipima kwa namna nyingine. Katika mifongo ya Wachaga juu ya Kilimanjaro, na katika ndiva za Wapare, ambazo ni mabwawa madogo ya kukusanyia maji ya usiku, kipimo kilikuwa zamu. Mtu hakupewa lita; alipewa wakati. Maana ya jambo hili yaonekana wakati wa kiangazi. Mto ukishuka, zamu ya kila mtu inabaki vilevile kwa muda, lakini maji ndani yake yamekuwa machache, na hivyo upungufu umegawanywa kwa wote bila mtu kuandika barua. Lita kwa sekunde haishuki pamoja na mto, ila ikiwa kibali kimetofautisha masika na kiangazi, na lango likafungwa kwa kadiri hiyo. Mwenye kibali cha lita 100 aliye juu ya mto aweza kuchukua lita zake 100 siku ambayo mto mzima una lita 120, akaandika taarifa safi isiyo na kosa hata moja, na walio chini wakakosa maji ya kunywa. Tena banio la zamani la magogo, mawe na majani lilivuja, na uvujaji wake ulikuwa riziki ya walio chini. Banio la saruji halivuji. Huenda ikawa neno zamu lastahili kurudishwa katika vibali vya kiangazi, si kwa kupenda mambo ya kale, bali kwa kuwa linabeba wazo ambalo tarakimu haikulibeba.

Kuna jambo la sarufi lililo zito kuliko hayo yote, na mfano wake ni Ruaha Mkuu. Tangu mwaka 1993 mto huo, upitao katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kushuka hadi bwawa la Mtera, ulianza kukatika mtiririko wakati wa kiangazi. Habari hiyo ilisemwa, na ingali ikisemwa, kwa vitenzi viwili: maji yamepungua, mto umekauka. Vitenzi pungua na kauka havina mtenda. Kinachotajwa ni kitu kilichopatwa na hali, kama jani linavyokauka juani. Lakini Kiswahili kina jamaa zake, punguza na kausha, ambavyo haviwezi kusimama pasipo mtu au kitu kinachotenda. Na hata katika kauli ya kutendwa, "maji yamepunguzwa", mtenda asipotajwa huacha pengo ambalo msomaji huliona, akauliza: na nani? "Yamepungua" haiachi pengo. Msomaji husikitika, akaendelea.

Kitenzi kisicho na mtenda hakimzuii mtu kumtafuta mtenda nje ya sentensi. Kinamruhusu amtafute popote apendapo. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi waliondolewa Usangu pamoja na mifugo yao, na miongoni mwa hoja zilizotajwa ni hifadhi ya maji ya Ruaha. Hoja ya ng'ombe kukanyaga ardhi oevu ya Ihefu ni hoja mbali, na ina watetezi na wapinzani wake. Bali hoja ya unywaji yaweza kupimwa kwa hesabu ya mtoto wa shule. Ng'ombe mmoja akihesabiwa kunywa lita 30 kwa siku, mfereji wetu wa lita 100 kwa sekunde, ukiwa wazi usiku na mchana, unachukua maji ya ng'ombe 288,000. Lau taarifa za miaka ile zingeandikwa kwa kitenzi chenye mtenda, banio kwa banio, hesabu hiyo ingekuwa mezani kabla ya ng'ombe kuswagwa.

Kitenzi gani basi kitumike? Kuteka kunafaa kisima na mtungi, tena kuna harufu ya vita na nyara. Kuchota ni kwa mkono au kata, na ni kidogo kidogo. Kuchepusha ni kuzuri mno kwa mfereji, kwa kuwa kunaonyesha maji yakitolewa katika njia yake, lakini hakuingii vizuri kwa pampu iliyowekwa ukingoni. Kutoa kunapotosha, kwani mamlaka ya maji nayo "inatoa maji" kwa wakazi wa mji. Linabaki kuchukua, neno la nyumbani lisilo na madaha, ambalo lina mtenda siku zote, na jina lake, uchukuaji, linafaa mfereji, pampu na bomba sawasawa. Fomu ikiuliza maji yaliyochukuliwa banioni, kwa sekunde ngapi za siku ngapi, mkulima na ofisi watakuwa wanazungumza juu ya maji yaleyale.

Safu ya pili ya fomu, ile ya maji yanayorudi mtoni kutoka mashambani, ndiyo bado haina jina. Marejeo yamekwisha kuchukuliwa na wenye vitabu, na marudio ni kurudia jambo. "Maji yarudiyo" ni maneno mawili, lakini yanaeleweka Mbarali na Moshi bila kufunguliwa kamusi.