Anapobisha Hodi Kila Asubuhi

Akina mama wenzetu, wengi wetu ni waajiri ingawa hatujiiti hivyo. Leo tunatafuta msaidizi wa nyumbani, kesho muuzaji wa duka, keshokutwa mlezi wa chekechea ya usharika. Nafasi ikishasikika, hodi haziishi mlangoni.

Mwaka 2018 kamati yetu ya akina mama ilitafuta mlezi mmoja wa chekechea. Waliomba wanawake tisa. Mmoja wao, mama kijana mwenye mtoto mgongoni, alitujia karibu kila siku kwa wiki mbili. Mara alikuja mwenyewe, mara alimtuma shangazi yake. Siku moja tulimkuta ameketi kwenye ngazi za kanisa kabla ya sala ya asubuhi. Mwisho alileta jogoo aliyefungwa miguu. "Shikamooni mama zangu," alisema, "hii ni zawadi tu ya watoto."

Tulikasirika. Mmoja wetu alitaka jina lake likatwe. Mwingine alisema huyu ndiye mwenye bidii, apewe kazi. Ndipo mama mmoja mtu mzima akatuuliza, "Mlimwambia atajibiwa lini?" Tukanyamaza. Kila alipokuja tulimwambia, "Njoo kesho." Naye kesho alikuja.

Hapo tulijifunza kwamba usumbufu mwingine tunaupanda wenyewe. Tunaogopa kusema "hapana," tukidhani huo ndio upole. Kumbe "njoo kesho" humlia mtu nauli, humwachisha vibarua vingine, na humpa tumaini lisilokuwapo.

Tufanye nini?

Kwanza, tutaje siku ya jibu na kuishika. Ikiahirishwa, tumpelekee habari sisi wenyewe.

Pili, ajibu mtu mmoja. Mwombaji akienda kwa mama mchungaji au kwa katibu, aelekezwe kwa huyo huyo.

Tatu, zawadi irudishwe siku ile ile, kwa adabu, mbele ya mtu wa pili. Hapa Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haihesabu fedha peke yake. Zawadi nayo imo.

Nne, wingi wa hodi usiwe sifa wala kosa. Wote waulizwe maswali yale yale. Sisi tulimwomba kila mwombaji akae na watoto kwa nusu saa, nasi tukatazama.

Tano, akizidi, akaja nyumbani usiku au akatoa maneno ya vitisho, tumwambie waziwazi, tukiwa wawili, kwamba shauri hilo halizungumzwi nyumbani, na kwamba tabia hiyo haikubaliki.

Tumkumbuke mjane wa Luka 18. Alimchosha kadhi kwa kumwendea mara kwa mara, lakini Bwana hakumlaumu mjane. Dhalimu alikuwa kadhi. Hodi zinapotuudhi, tujiulize sisi tumekaa kiti gani.

Jogoo tulimrudisha, na siku ya jibu tukaitaja. Nafasi alipata mwenzake aliyewazoea watoto zaidi. Siku ilipofika, wawili wetu tulikwenda nyumbani kwa yule mama kijana tukamweleza ukweli na sababu yake. Alilia kidogo, kisha akatushukuru.

"Ningejua mapema," alisema, "ningekwenda na wenzangu kuvuna mpunga. Sasa mavuno yamekwisha."

Maneno hayo hatujayasahau. Tangu siku ile, katika kamati yetu, hatumwambii mtu "njoo kesho."