Bodi za Ndani: Tazama Ukingo, Usitazame Rangi (Sehemu ya Tano)

Marekani ilipopiga marufuku asbestosi nyeupe mwezi Machi 2024, wengi walishangaa, kwani walidhani taifa lile lilishamalizana na madini hayo zamani. Uingereza ilifunga mlango mwaka 1999, na Afrika Kusini mwaka 2008. Kwa kuwa baadhi ya bodi za zamani zina asbestosi, habari hiyo imezua swali katika nyumba nyingi: bodi iliyo juu ya kichwa changu ni ya nini hasa? Waliofuatana nami tangu sehemu ya kwanza wanajua msimamo wangu. Rangi haisemi kitu. Bodi hutambuliwa ukingoni, pale ilipokatwa, na mgongoni, pale ambapo fundi hakujisumbua kupaka puti. Tatizo letu ni kwamba tunanunua uso.

Nianze na jipsamu, yaani bodi ya jasi, kwa kuwa ndiyo iliyoenea na ndiyo inayodharauliwa bila haki. Jasi ilitumika katika mota ya mapiramidi ya Giza, na mwaka 1765 kijana wa miaka 21, Antoine Lavoisier, aliwasomea wanazuoni wa Paris utafiti wake kuhusu madini hayo. Alionyesha kwamba jasi ikichomwa hutoa maji, na unga wake ukichanganywa na maji huyarudisha ndani yake na kuwa mgumu tena. Moto wa nyuzi 150 hivi unatosha, ilhali chokaa ya matumbawe, ambayo wahenga wa Lamu waliichongea zidaka, hudai nyuzi zipatazo 900 na kuni za kuteketeza msitu. Mwaka 1894 Mmarekani Augustine Sackett alipata hataza ya bodi ya matabaka ya karatasi yenye plasta katikati. Hakuikusudia iwe ukuta uliokamilika. Ilikuwa ya kushikilia plasta nyingine juu yake. Kampuni ya United States Gypsum iliinunua biashara yake mwaka 1909, lakini wajenzi waliendelea kuiona bodi ya aina hii kuwa ujenzi wa njia ya mkato, hadi Vita vya Pili vya Dunia vilipowanyima mafundi wa plasta. Haja ndiyo iliyowafundisha adabu.

Maji yale ya Lavoisier bado yamo. Bodi ya milimita 12.5, yenye mita 1.2 kwa 2.4, ina uzito unaokaribia kilo 25, na takriban kilo 5 kati ya hizo ni maji yaliyofungwa ndani ya jasi yenyewe. Nyumba ikishika moto, maji hayo hulazimika kutoka kwanza kama mvuke, na upande wa pili wa bodi huchelewa kupata joto. Kwa hiyo anayeuziwa kitu kingine kwa jina la jipsamu hakupunjwa fedha tu, amepunjwa dakika za kuwatoa watoto nje.

Sasa utambuzi, ambao si mgumu. Zima umeme kwenye swichi kuu, fungua kifuniko cha swichi ya ukutani, au panda kwenye tundu la dari uchungulie na tochi. Ukiona karatasi pande zote mbili na moyo mweupe unaokwaruzika kwa ukucha, hiyo ni jipsamu. Karatasi ya kijani kwa kawaida huonyesha bodi inayonyonya maji polepole; haimaanishi haiingii maji, hata muuzaji aape vipi. Plaiwudi ina matabaka ya mbao yaliyopishana. MDF haina matabaka, ni unga wa mbao ulioshikana sawasawa. Hadibodi ni nyembamba, ya kahawia, laini upande mmoja na yenye alama za wavu upande wa pili. Sofbodi hubonyea kwa dole gumba. Bodi ya magnesiamu ni nyeupe, na mara nyingi nyavu za nyuzi za kioo huonekana ukingoni. Zile mbaya hutoka jasho la chumvi kwenye hewa yenye unyevu na kutia skrubu kutu. Denmark iliyajua hayo kwa hasara kubwa. Mkazi wa pwani afikiri mara mbili.

Yuko atakayesema kugonga kunatosha. Kugonga hukuambia kwamba nyuma kuna uwazi, basi. Mwingine atasema hiyo ni kazi ya fundi. Fundi hulipwa siku ile ya kufunga na kwenda zake. Atakayelala chini ya dari hiyo miaka ishirini ni wewe, na kumwomba akuonyeshe kipande kilichokatwa kabla ya puti si kumkosea heshima. Anayekasirika kuombwa hivyo amekwishakujibu.

Pingamizi la tatu lina uzito, nami nalikubali: ukingo hausaidii kwa asbestosi. Bodi ya saruji yenye nyuzi ni ya kijivu mpaka ndani na ni ngumu, na ile ya zamani yenye asbestosi inaweza kufanana nayo kabisa. Hapo jicho limefika mwisho. Kwenye nyumba ya zamani, bodi ya namna hiyo isitobolewe, isipigwe msasa, wala isivunjwe ili kuona ndani, maana vumbi lake ndilo linaloua. Mtaalamu huilowesha, hukata kipande kidogo, hukifunga ndani ya mfuko na kukipeleka maabara. Mpaka majibu yarudi, bodi iliyo nzima iachwe ilipo.