Wifi iko barazani, chumbani haifiki: tufanye nini katika nyumba zetu za zamani?



Katika vikundi vyetu kuna ulizo linalorudi kila mara. Nyumba ina intaneti, lakini intaneti yenyewe haipiti mlango wa baraza. Mtoto anayejitayarisha kwa mtihani wa Serikali akiingia chumbani kusoma, simu inapoteza wifi. Binti anatoka nje usiku, anasimama gizani akitafuta mahali inaposhika. Mama anayetaka kumsikia mume aliye machimboni Namoya, au mtoto anayesoma Kindu, naye anakwenda chini ya mwembe na simu mkononi.

Tuseme wazi: hili si jambo la starehe. Binti asitoke nje usiku kwa sababu ya ukuta. Na mara nyingi kosa ni la ukuta na bati kweli, wala si mega zilizopungua. Dawa ya kwanza haina bei, kwa hiyo tuanze na hiyo kabla ya kufungua mkoba.

Kwa nini nyumba zetu zinazuia

Nyumba za misheni na zile za wakati wa Wabelgiji zina kuta nene za matofali ya kuchoma. Nyingine nyingi ni za matofali mabichi ya udongo. Kuta hizo zinatupa ubaridi mchana, na tunazipenda kwa hilo. Lakini wifi ni mawimbi ya redio. Yakipita ukuta wa kwanza yanapungua, yakipita wa pili yanapungua tena, na ukuta uliolowa mvua unameza zaidi. Chuma ni kibaya kuliko udongo, maana kinayarudisha yalikotoka: bati, mlango wa chuma, kabati la chuma, friji. Maji nayo yanameza, kwa hiyo pipa la maji lililo mbele ya kisanduku cha wifi ni ukuta mwingine.

Kwanza, jaribu

Kaa karibu kabisa na kisanduku, hatua mbili tu, ufungue ukurasa au upige simu ya video. Kama hata hapo inakwenda polepole, tatizo haliko ndani ya nyumba: ni mtandao unaotoka mnarani, au mega zimekwisha. Kama hapo ni vizuri na chumbani ni vibaya, basi ni kuta. Tembea na simu chumba kwa chumba, uandike kwenye karatasi panaposhika na panapokatika. Kazi hiyo ni ya dakika kumi, na watoto wanaipenda.

Pili, hamisha kisanduku

Wengi wanakiweka chini, nyuma ya televisheni, au kwenye kona ya baraza. Kiondoe hapo. Kiweke katikati ya nyumba, juu, kama urefu wa kichwa cha mtu mzima, mbali na vyuma na maji. Mahali pazuri ni kwenye korido, panapoonekana na milango mingi, kwa sababu mawimbi yanapita mlango ulio wazi kwa urahisi kuliko ukuta. Kama kina antena mbili, moja isimame wima, nyingine ilale kidogo.

Wenye kutumia simu moja kugawia wengine mega, shauri ni lile lile. Simu isikae mfukoni wala chini ya mto, kwa maana mwili wa mtu una maji mengi nao unazuia. Iwekwe juu ya rafu, karibu na dirisha, imechomekwa kwenye chaji.

Tatu, chagua mawimbi yanayofaa

Visanduku vingi vya siku hizi vinatoa wifi za namna mbili. Moja ina alama ya 5 GHz: ni ya mbio sana, lakini inachoka haraka mbele ya ukuta. Nyingine ni 2.4 GHz: mbio yake ni ndogo, lakini inapenya mbali zaidi. Chumbani kwa mtoto, nyuma ya kuta mbili, chagueni ya 2.4. Kwa kusoma na kupiga simu inatosha. Hilo nalo halina bei.

Nne, waya

Kama bado chumba cha mwisho hakipati, msikimbilie kile kidude cha kurudia wifi kinachochomekwa ukutani. Vile vya bei ya chini vinapokea na kutuma kwa mawimbi yale yale, hivyo mbio inapungua karibu nusu. Tena vikiwekwa mahali ambapo wifi ni dhaifu, vinarudia udhaifu huo huo.

Njia inayodumu ni waya wa mtandao. Waya mmoja unafika hadi mita 100 bila kupoteza kitu, na ukuta mnene hauusumbui. Nyumba za zamani zina faida hapa: dari ziko juu, na mara nyingi kuna nafasi kati ya dari na bati, waya unapita pale pasipo kutoboa mengi. Upande wa pili wa waya unaweka kisanduku cha pili. Si lazima kiwe kipya. Kisanduku cha zamani kilichoachwa kabatini kinafaa, mradi kinawaka. Mwambieni fundi mambo matatu: azime kazi yake ya kugawa anwani, ili kisanduku cha kwanza peke yake kigawe, akipe anwani yake tofauti na ya kile cha kwanza, na aweke jina la wifi na neno la siri vilevile kama kile cha kwanza. Hapo simu itahama yenyewe kutoka baraza hadi chumbani.

Njia hii inawasaidia pia wenye modemu ya kadi ya simu. Modemu inapenda dirisha linalotazama mnara, lakini familia inakaa upande mwingine wa nyumba. Acheni modemu dirishani, waya ulete intaneti katikati.

Onyo moja: waya huo ubaki ndani ya nyumba moja. Msiuvute nje hadi nyumba ya jirani. Radi za kwetu mnazijua. Radi ikianguka karibu, waya wa shaba unaileta ndani. Na mvua ya radi ikikaribia, chomoa vyote.

Moto wa kuviwasha

Wengi wetu tunategemea pano ya jua, kwa hiyo tupige hesabu. Tuseme kisanduku kidogo kinakula wati 6. Batri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Ili isife mapema tusitumie zaidi ya nusu, yaani 42. Gawanya kwa 6: masaa 7. Visanduku viwili vya namna hiyo, masaa matatu na nusu. Inatosha kwa masomo ya jioni, kisha mzime.

Hesabu hiyo ni ya maana pia kwa vikundi vinavyofikiri kununua sahani. Mwezi wa tano 2025, ARPTC, ofisi ya Serikali inayosimamia posta na mawasiliano, iliipa Starlink ruhusa ya kufanya kazi nchini. Lakini sahani yake ya kawaida inakula wati 75 hadi 100, na ile ndogo wati 25 hadi 40. Batri yetu ya hapo juu haitoshi hata kidogo. Na sahani haitoboi ukuta: hata ukiwa nayo, kisanduku chake kinahitaji mahali pazuri kama kile cha zamani.

Tushirikiane

Waya wa mita nyingi unaweza kununuliwa na likelemba au AVEC, ukakatwa kwa kila nyumba kipimo chake. Fundi akija kwa nyumba nne siku moja, bei yake inaongeleka. Neno la siri msiliache wazi: wageni wakilijua, mega zinakwisha na hujui nani amekula. Libadilisheni mara kwa mara. Na kwa kuwa sasa wifi itafika chumbani, mama aelewane na watoto saa ya kuizima.

Wiki hii, kila mama afanye kazi mbili tu: atembee na simu chumba kwa chumba, kisha ahamishe kisanduku. Kwenye mkutano ujao tuleteane karatasi zetu, tuone ni nyumba ngapi zinahitaji waya kweli, na ngapi zimepona bila faranga hata moja.